Sufuria Nzito ya Mzazi

Ogembo,
Jumapili, baada ya chai.

Kwako kaka yangu Joash,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako Bosire, mtu ambaye, kama haki ingekuwa na miguu, wiki hii ingepanda hadi Ogembo kumvisha koti jeupe na kumkabidhi funguo za hospitali nzima. Usicheke. Ndiyo, niliacha shule kidato cha pili, na mwalimu wa bayolojia alisema kichwa changu ni cha kuwekea kofia tu. Lakini ugonjwa uliowashinda wazee wa kanisa, wauza mizizi, Mong'ina jirani yetu na wenye digrii zao, ni mimi niliyeukamata masikio nikauburura hadi mezani kwa daktari. Ukimsikia mtu huko Lodwar akisifu akili za Abagusii, mwambie umewahi kulala kitanda kimoja na mwenye akili hizo na alikuwa akikukojolea mgongoni.

U hali gani lakini? Natumaini jua la huko halijamaliza zile nywele chache ulizoondoka nazo, na kwamba ile greda unayoiendesha bado inakutii kuliko ng'ombe wa Mama alivyokuwa akikutii. Sisi huku tunaendelea. Mama anatembea na fimbo yake na kugombana na kila kitu. Chai inachumwa. Nyasani, mtoto wako, analia kama spika ya mkutano. Na Lorna mkeo yuko hospitali mjini Kisii, amelazwa, na yuko hai. Hilo la mwisho lisome mara mbili kabla hujaendelea.

Ningekupigia simu, lakini tangu maneno ya Mong'ina yakufikie umetufungia laini sote. Mama anasema mara ya mwisho ulimwambia asikuletee tena habari za mwanamke yule. Ndiyo maana nimempa Manasseh barua hii, kwa kuwa anarudi kwenye kazi yenu ya barabara, na nimemwagiza asikupe ukiwa umesimama. Mwanamke yule, Joash? Nilipolisikia neno hilo nilitema mate chini, na wewe ni mkubwa wangu. Nitakueleza yote tangu mwanzo, nawe utajua la kufanya na mdomo wako.

Kazi yangu kwa Ochoki nyuma ya soko unaijua. Tunakusanya alumini iliyochoka, yaani rimu za magari, pistoni, fremu za madirisha, tunaiyeyusha, tunaimimina kwenye kalibu ya mchanga, na kesho yake ni sufuria. Ochoki ndiye mwenye karakana, lakini mkono ni wangu, hata yeye akilewa hukiri. Na wanawake wa kwetu hawanunui sufuria kwa macho, wananunua kwa kiwiko. Anaiinua, kiwiko kikilalamika anasema hiyo ndiyo. Ikiwa nyepesi anairudisha na kusema ametaka sufuria, hakutaka karatasi. Basi Lorna alipokaribia kujifungua nikatangaza kwamba mzazi wa boma letu hatapikiwa kwenye karatasi. Nikaleta sufuria ambayo Mama alipoiinua aliguna, akaketi, akaanza kunisifu kwa majina ya babu. Kile chungu cheusi cha nyanya yetu akawapa kuku wanywee maji.

Nyasani akaja, ana kichwa chako, maskini. Na unajua kwetu mwanamke akishajifungua ni chinsaga asubuhi, chinsaga jioni. Zile mboga ni chungu kama deni la jirani, kwa hiyo Mama anazichemsha, anazimwagia maziwa, anaziacha zilale humo humo ndani ya sufuria mpaka uchungu ulegee, kisha anazichemsha tena. Na kwa kuwa Bathsheba mama yetu ni Msabato wa kweli, Ijumaa ndiyo anapika nyingi zaidi, anafunika, na hakuna wa kugusa moto mpaka jua la Sabato lizame. Maziwa yale yanakaa kwenye sufuria yangu yakichacha polepole, na ni Lorna peke yake anayekula humo. Hakuna aliyeona ubaya. Chinsaga huleta damu na maziwa ya mtoto, hata kuku wa hapa wanajua.

Sasa niambie wewe mkubwa, mbona kila Lorna alivyokula ndivyo alivyozidi kuwa mweupe?

Kama unakula, sukuma sahani. Alianza na tumbo. Lilikuwa likimkaba hadi anauma shuka, na choo kikagoma kabisa. Mama akampa mafuta ya mbarika, mafuta yakarudi kwa njia yaliyoingilia, pamoja na majani na maziwa yaliyoganda kama ute wa konokono. Bakuli la kulimwaga lilikuwa langu. Mimi huyu ninayeshinda kwenye moshi wa rangi ya gari na plastiki nilipiga magoti kwenye migomba nikatoa hata chai ya jana. Nyumba ikanuka maziwa mabovu na jasho. Nzi wakajua njia. Pumzi yake ikawa na harufu ya sarafu iliyoshikwa na mikono mingi, na alipofungua mdomo ufizi ulikuwa na mstari wa bluu iliyochakaa, pale pale jino linapotokea, kama mtu aliyenyonya kalamu. Viganja vikawa rangi ya unga wa mahindi. Zahanati wakampa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza kama njugu, damu ikakataa kupanda. Na Mama, kila akitazama viganja vile, anatoka kwenda shambani kuchuma chinsaga zaidi.

Tukampeleka Kisii. Akatupokea daktari mmoja kijana anayeitwa Tryphosa, mfupi kuliko mkungu wa ndizi lakini sauti yake inafika maegesho. Alimvuta Lorna mdomo wa chini, akautazama ule mstari kwa muda, uso wake ukabadilika. Akatuuliza maswali mengi kuhusu nyumbani, kuna rangi mpya, kuna betri za gari, mnapikia nini, mnakunywa maji ya wapi. Akajibiwa. Akasema anashuku kuna madini mwilini, akachukua damu ipelekwe kupimwa Nairobi, akatuambia twende tungoje, kwa kuwa wodi zilikuwa zimejaa watu wawili wawili kitandani. Tukarudi na Lorna nyumbani.

Hapo ndipo Mong'ina alipoingia na utaalamu wake. Akasema hospitali ikishindwa ujue ni amasangia, ule ugonjwa ambao watu wetu husema huingia nyumbani mke akitoka nje ya ndoa mumewe akiwa mbali, na kwamba dawa yake ni moja tu, mwanamke amtaje mwanaume. Matapishi ukiyafunika kwa jivu yananyamaza, Joash. Ulimi wa yule mama hakuna jivu la kuutosha. Wakaanza kuja kumwona mgonjwa, wanabeba ndizi zao mbili na kula obokima yetu, ugali wa wimbi, nusu sinia, na kabla hawajakaa wanamfunua Nyasani kutazama masikio yake ni ya nani. Mmoja akasema yanafanana na ya mnunuzi wa majani chai. Mwingine akamjibu kwamba mnunuzi ana masikio madogo, labda ni yule wa kuchonga mawe kutoka Tabaka. Wakacheka huku wakilamba vidole.

Kisha siku moja wakamzunguka. Watu wazima, wanakwaya, wenye shali nyeupe. Mgonjwa amejikunja kama mwiko uliovunjika, nao wanamsihi kwa sauti ya maombi amtaje ili apone. Lorna akawaambia mwanaume ni mmoja na yuko Lodwar anatengeneza barabara. Wakatazamana, wakasema unaona, ana kiburi. Baada ya hapo Mong'ina akakupigia wewe simu, nawe ukaamini. Nimeona mengi ya kutia kinyaa mwaka huu, lakini siwezi kuamua kama bakuli lile lilikuwa chafu kuliko wale wanawake, au wale wanawake kuliko wewe uliyenyamaza.

Mzee Ishmael baba mkwe wako akatoka Sironga na kofia yake, akakataa kiti, akakataa chai. Alisema hakumleta binti yake kwetu ili ahojiwe kama mwizi wa kuku, na kwamba Lorna akipata nguvu ya kusimama atamchukua.

Lakini hakupata nguvu ya kusimama. Tumbo lilizidi, Mama akampa dawa za maumivu za dukani, juu ya hizo akamnywesha mizizi aliyonunua kwa mtu anayeapa kwa Biblia, na Lorna akaanza kusema maneno yasiyoshikana. Aliniita kwa jina lako. Akamwomba Mama amtoe mbuzi kitandani na mbuzi hayupo. Kisha mwili ukamkakamaa, povu likamtoka, tukamfunga kwa leso mgongoni mwa mwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, hadi Kisii. Majibu ya damu yalikuwa yamerudi siku hiyo. Ilikuwa risasi. Simaanishi ya bunduki, ni yale madini laini mazito.

Tryphosa akatueleza, na mimi nakueleza kwa lugha ya karakana, maana ile yake ingekuhitaji miwani. Ndani ya mifupa, anasema, kuna mafundi wanaotengeneza kitu kidogo sana kinachoitwa himu. Fikiria rimu ndogo isiyoonekana, na mwisho kabisa chuma kinapachikwa katikati yake. Hapo ndipo damu inapopata wekundu na nguvu ya kubeba hewa. Mafundi wenyewe wanaitwa vimeng'enya, na mmoja wa wale wa mwanzo hawezi kazi bila chembe ya zinki, kama mimi bila koleo. Risasi ikiingia inampokonya zinki na kukaa pahali pake. Haifanyi kazi, imekaa tu, kama wewe kwenye harambee. Kisha inamwendea fundi wa mwisho, yule wa kupachika chuma, inamfunga mikono. Basi vile vidonge vyote vilikuwa vikimwagwa mlangoni kama vyuma chakavu, ndani hakuna wa kuvipokea. Lorna alikuwa na chuma na hana damu.

Haikuishia hapo. Ini nalo ndilo tanuri la kuchomea taka za mwili. Dawa ikiisha kazi, mizizi, sumu ya chakula, vyote vinachomwa huko, na mashine za kuchomea zinajengwa kwa himu ile ile. Himu ikikosekana, moto wa ini unafifia. Kwa hiyo kila tulichompa kwa huruma, dawa za duka na mizizi ya Mama, kilibaki ndani kikizunguka kama mlevi aliyesahau kwao. Tulikuwa tunamlisha uchafu huku tumemvunjia choo. Mama aliposikia hayo alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja mikononi kama anayekamua nguo. Hujawahi kumwona Mama kichwa wazi mbele za watu. Si kitu kizuri kuona.

Daktari akauliza tena, kwa ukali sasa, risasi imetoka wapi. Na hapo ndipo mdogo wako alipong'aa. Nilitoka nje, nikaruka kwenye bodaboda hadi nyumbani, nikaitia ile sufuria kwenye gunia na chinsaga za Sabato zikiwa bado ndani, nikairudisha mpaka mezani kwake. Alipofunua, muuguzi alikimbilia dirisha. Ukoko wa kijani, maziwa yaliyokatika, funza wawili wanaogelea kama watalii. Nikamwaga yote kwenye ndoo, nikachukua ufunguo nikakwaruza chini kwa ndani. Alumini inakwaruzika ikang'aa. Hii ilichimbika laini, ya kijivu, na nilipoisugua kwenye karatasi ikaandika kama penseli. Na pale maziwa yalipokuwa yakilala palikuwa pamelika, pamejaa vishimo, kama kuta za jino bovu. Wakachukua unga wake wakapima. Ilikuwa ndiyo.

Nikawa mtu mkubwa, Joash. Tryphosa alinishika mkono mbele ya wanafunzi wake. Mzee wa kanisa aliniombea kwa jina, na jina langu halijawahi kusemwa pale isipokuwa kwenye ripoti za vijana waliopotea. Nikawaambia watu kwamba waliotuuzia vyuma chakavu walituchanganyia uchafu, na Ochoki akaenda kuwatukana mbele ya wateja wao, akazima tanuri, akazunguka akikusanya sufuria zote za mmimino ule. Mong'ina naye alileta kuku. Alisema siku zote yeye alishuku ni chakula. Tukamchinja kuku wake na nikala.

Hali ilivyo sasa ni hii. Lorna anapewa dawa inayoishika ile risasi na kuitoa kwa mkojo. Mkojo wake unapimwa, na kila ukitoka nayo nyingi wauguzi wanafurahi, kazi ya ajabu hiyo. Anakaa mwenyewe, anakunywa uji, viganja vimeanza kupata rangi. Nyasani ameachishwa ziwa, anakunywa maziwa ya kopo. Na yeye damu yake ina risasi, kidogo kuliko mama yake, lakini ipo. Nilimwuliza Tryphosa kama mtoto atakuwa sawa. Alisema watamfuatilia anavyokua, kutembea, kusema, shule.

Mzee Ishmael hajabadili msimamo. Lorna akiruhusiwa atapitia Sironga na mtoto, na hatarudi kwetu mpaka wewe mwenyewe uje, usimame mbele ya wale wale waliomzunguka, useme kwa mdomo wako kwamba mkeo ni safi. Si kwa simu, wala kwa kutuma mzee. Anasema vinginevyo tuhesabu ndoa imekwisha. Na mimi nasema ana haki, na ukinipiga kwa kusema hivyo, piga.

Sasa, Joash. Nimekuandikia hapo juu kwamba daktari aliuliza maswali mara ya kwanza na akajibiwa. Aliyejibu ni mimi.

Waliotuuzia vyuma hawakuchanganya kitu. Rimu zilikuja na vile vipande vya risasi vinavyopigwa ukingoni ili gurudumu lisitetemeke. Fundi anavigongoa kwanza, hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha Ochoki. Sheria ya pili, kilichozama chini ya chungu cha kuyeyushia kinamwagwa, hakimiminwi. Siku ile Ochoki hayupo, niliviacha vipande vyote kwa sababu vina uzito, na ile ya chini kabisa, iliyolala kama matope, nikaimimina peke yake kwenye kalibu ya sufuria ya Mama. Nilitaka kiwiko chake kilalamike kuliko viwiko vyote vya Ogembo. Hilo ni ujinga, na ujinga ningekuambia nikicheka.

Lakini Tryphosa alipouvuta ule mdomo, nikaona mstari ule, niliijua rangi yake. Ninaishika kila siku. Akaniuliza mimi, kwa kuwa Mama alishajisifu kwamba sufuria ni yangu, kama kuna kitu kingine humo zaidi ya alumini. Nikavuta shati nikamwambia ni alumini safi daktari, ya kutengenezea ndege. Na Lorna, amejikunja vile vile, akainua kichwa akamwambia kwamba shemeji yake ni fundi mzuri sana. Daktari akaliacha jambo la sufuria, akaenda kwenye rangi na betri.

Nikamrudisha nyumbani nikijua. Sabato zikapita akila humo nikijua. Siku walipomzunguka wakimtaka ataje mwanaume, mimi nilikuwa mlangoni na bakuli lake mkononi, nikijua, na neno moja tu lingewatawanya wote. Nilikwenda nikalimwaga nikaliosha. Nilipoileta sufuria hospitali sikuwa nimegundua chochote, nilikuwa nimeogopa atakufa.

Wa kwanza kuambiwa ni wewe. Mama hajui, Ochoki hajui, Lorna hajui. Njoo kwa ajili yake, na ukifika nitasema mbele yako, nisije nikapata nafasi ya kujisifu tena.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Ochoki pia anakusalimu. Kwa Lorna nilikwenda jana, nikakaa ukingoni mwa kitanda, akanishukuru tena, nami sikuweza kumwuliza kama ana salamu.

Ni mimi mdogo wako,
Bosire.